Mungu Mchoyo wa Haboba

Ukiingia uwanja wa Haboba, usitazame mbele. Tazama chini. Mbele hakuna cha kukuumiza, lakini chini kuna mashimo. Mengine yanatosha kuku, mengine yanatosha ndoo, na moja, lile la nyuma ya choo, linamtosha mchungaji. Nasema hivyo kwa sababu mchungaji aliingia.

Alikuwa amekuja kumtembelea siku ya Alhamisi, Biblia kwapani, suti ya kahawia. Alisema "Bwana asifiwe," akashuka mpaka kiunoni. Sisi tulipiga kelele. Haboba hakupiga. Alimsogelea polepole akainama.

"Mchungaji, mguu yako hapana gusa kitu huko chini?"

"Kuna kitu kigumu, mama. Kama chuma."

"Iko na mikono mbili?"

Mchungaji akapapasa kwa kiatu. "Iko nayo."

Haboba akapiga vigelegele. Ilikuwa sufuria yake kubwa ya arusi, ambayo alikuwa ameitafuta miaka mitatu. Akamkataza mchungaji kutoka mpaka jembe lije, asije akatoka na udongo ukaanguka na sufuria ikapotea tena. Basi mtumishi wa Mungu akaomba akiwa mle mle shimoni, akatubariki sote kutoka usawa wa viuno vyetu.

Haboba maana yake ni bibi kwa Kiarabu cha hapa Juba. Mtaa mzima wa kwetu Nyakuron unamwita hivyo, ingawa sisi wote si wajukuu wake. Mimi hata kabila lake si langu. Yeye alikaa ukimbizini Uganda, mimi nilikulia Kenya. Yeye akiongea lugha ya kwao sisikii hata neno moja, nami nikiongea ya kwetu anasema naita kuku. Kwa hiyo tunaongea Kiswahili, chake cha Arua na changu cha Kitale, juu ya ukuta wa bati unaotenganisha nyumba yake na yangu.

Mashimo si wazimu. Watu wa nje hawaelewi, lakini mtu wa Juba ataelewa. Ukisikia vita vinakuja huwezi kukimbia na cherehani kichwani. Unachimba. Unafunga vitu vyako kwa nailoni, unavizika uani, unasawazisha udongo, unashika mtoto na jerikeni, unaenda. Ukirudi, unafukua. Kila mtu niliyemjua amewahi kuzika kitu. Tofauti ni kwamba wengine waliacha vita vilipokwisha, na wengine huweka alama. Haboba haweki alama. Anasema alama ni barua kwa mwizi.

Na sasa niseme kwa nini ninaandika nikiwa nimeuma meno. Katika udongo ule, sijui wapi, kuna cheti changu cha kidato cha nne. Bila cheti hicho, niliambiwa, siingii chuo cha uuguzi. Bila chuo nitauza chai mtaa wa Hai Cinema mpaka nizeeke, nikiwapa glasi watu wenye kazi ambazo mimi ningezifanya vizuri kuliko wao. Nina mtoto mmoja, Deng. Baba yake alisema anaenda Wau wiki mbili. Hizo wiki mbili zimeingia mwaka wa tatu. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba ni karatasi tu.

Ndani ya nyumba yake ni nailoni. Kochi lina nailoni ile ile lililotoka nayo dukani Malakia, na kwa joto la Juba ukikaa dakika kumi unakuwa sehemu ya kochi. Ukiinuka unasikia ngozi ya mapaja ikiaga. Godoro lina nailoni. Rimoti imefungwa mara tatu, na televisheni yenyewe haijawahi kuwashwa kwa sababu umeme unaweza kuiharibu. Saa ya ukutani imefunikwa kwa mfuko mzito hata mishale haionekani. Inagonga, unaisikia, lakini ni saa ngapi hiyo ni siri ya Haboba na Mungu.

"Sasa saa ya kazi gani, Haboba?"

"Ya kukaa."

Jumatano wanawake wa maombi hukutana kwake. Tunakaa kwenye kochi tumebanana watano, na kila tukisema "Amina" na kusogea, nailoni inalia kama bata. Mgeni mmoja kutoka Hai Cinema alidhani ni desturi ya dhehebu letu, akawa anajisogeza kwa makusudi ili asionekane hana imani.

Deng alipozaliwa ulikuwa mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu hapa, bati likipigwa na jua unaweza kulikaangia yai. Nilienda kuchota maji, nikamwachia mtoto kwa muda mfupi. Niliporudi nilikuta pua tu. Sweta mbili, soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio, na juu yake blanketi lenye picha ya simba.

"Haboba! Mtoto anaiva!"

"Mtoto nashika baridi."

"Baridi gani? Ya wapi?"

"Ya kesho."

Nikamvua mtoto nikiwa natukana. Kesho yake nikamkuta amevalishwa tena. Tulivutana hivyo miezi minne, mimi navua, yeye anavalisha, na mtoto katikati akitoka jasho na kucheka. Anampenda Haboba kuliko mimi. Hilo nalo linaniudhi.

Lakini ukitaka kumwelewa lazima umsikie siku ya Jumatano akihubiri. Haruhusiwi kuhubiri, yeye ni wa kufungua maombi tu, lakini akifungua hafungi. Mahubiri yake ni yale yale, miaka yote: kwamba Mungu ni mchoyo.

Mara ya kwanza mchungaji alipoyasikia aliruka. "Mama, usiseme hivyo. Mungu ni mkarimu."

"Kwa vitu iko mkarimu," Haboba akasema. Mungu humwita Rabuna, kama watu wa hapa. "Mvua Rabuna napa mtu yote, hata mwizi. Jua napa mtu yote, hata zaidi. Lakini watu yake? Hapana toa. Hapana azima. Shetani nakuja, nabisha mlango, nasema, 'Rabuna, wewe iko na watu mingi, nipe moja tu. Nipe hii mama ya chai, mdomo yake mbaya, kanisa nakuja nachelewa, wewe iko nafanya nini na yeye?'" Hapo alinielekezea kidole, na wanawake wote wakageuka kunitazama. "Rabuna nasema, 'Hata huyo. Toka kwa mlango yangu.'"

Walicheka mpaka nailoni ikalia. Mimi sikucheka. Nilimwambia siko kwenye mahubiri yake kwa hiari yangu.

"Eh, hiari," akasema. "Sufuria yangu iko shimoni kwa hiari?"

Mchungaji, ambaye tangu siku ya shimo alikuwa na la kumjibu, akauliza swali ambalo sote tulikuwa nalo. "Sasa mama, kama Mungu anakulinda hivyo, kwa nini unazika hata chumvi?"

Haboba alimtazama kwa huruma, kama mtu anayeeleza njia kwa mlevi. "Rabuna nalinda mimi. Mimi nalinda chumvi. Kila mtu na kazi yake. Wewe nataka Rabuna alinde chumvi?"

Mchungaji akaandika kitu kwenye daftari. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Mimi nilikuwa na swali langu, na nilimwuliza siku hiyo hiyo tukitoka. Nilisema: haya, tuseme Mungu anatupenda hivyo unavyosema, ametufunga, ametuficha, hataki kutuazima kwa mtu. Mimi niko Juba na mtoto bila baba, nachemsha maji tangu alfajiri. Kitu kilichofichwa halafu kikasahauliwa kina tofauti gani na kitu kilichotupwa?

Alikohoa kwanza. Alikuwa anakohoa kabla ya kila jibu.

"Mimi ndiyo nasahau," akasema. "Yeye hapana sahau. Ndiyo sababu yeye iko Rabuna, mimi iko mama mzee."

Lilikuwa jibu zuri, na lilizidi kunikasirisha, kwa sababu wakati huo cheti changu kilikuwa bado hakijazikwa na sikujua ningekuja kulihitaji sana jibu hilo.

Kikohozi chake kina habari yake. Siku zile za vita vya Julai, ambazo watu wa Juba hawazitaji mwaka, alikuwa hajakimbia. Jirani yake wa upande wa pili wakati huo alikuwa mama wa kabila ambalo siku hizo halikutakiwa kuonekana mtaani kwetu, na watoto wawili. Haboba aliwaingiza nyuma ya magunia ya mkaa, akawafunika kwa turubai. Wakakaa siku nne. Shida ni kwamba mtoto mdogo alikuwa na kikohozi. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka mitatu asikohoe. Kwa hiyo kila mtoto alipokohoa, Haboba alikohoa juu yake, kwa sauti kubwa zaidi. Baadaye akaona ni salama zaidi akitangulia. Akakohoa siku nne mfululizo, mchana na usiku, mlangoni, akipika, akisalimu watu.

Askari waliopita walimwonea huruma. Mmoja alirudi na chupa ya dawa ya kikohozi, sijui aliipora duka gani, akampa kwa heshima: "Kunywa, Haboba, kifua chako kitapasuka." Akamshukuru, akambariki, akakohoa. Siku ya tano yule mama na watoto wake wakatoka salama, wako Uganda mpaka leo. Lakini kikohozi hakikutoka. Koo lilikuwa limeharibika, au limezoea. Amekohoa tangu hapo.

Na ile dawa? Unajua alichofanya na ile dawa. Aliifunga kwa nailoni akaizika, isije ikaisha.

Hajawahi kukisimulia kisa hiki yeye mwenyewe. Nilikipata kwa mchungaji. Nilipomwuliza Haboba alisema, "Hiyo kazi kidogo. Kukohoa mtu yote naweza."

Mtu huyo huyo anayeivalisha saa nailoni hajilindi mwenyewe hata kidogo. Anapanda bodaboda akikaa upande, beseni la sambusa mapajani, hashiki kitu. Dereva akimwambia amshike anamwuliza kama anamjua baba yake. Anavuka barabara ya lami bila kutazama, mkono mmoja juu, magari yanapiga breki, na akifika ng'ambo anawalaumu madereva kwa kumchelewesha. Ana viatu vya ngozi vizuri vimezikwa mahali na anatembea pekupeku. Nilimwambia siku moja, "Wewe unafunika kila kitu isipokuwa Haboba." Akasema Haboba ana mwenyewe.

Sasa cheti.

Chumba changu kilikuwa kinavuja, na kule kisikovuja kulikuwa na mchwa. Mvua moja ilinilia picha zote za shule. Nikaona, nani Nyakuron nzima hajawahi kupoteza kitu kwa mvua wala mchwa? Nikachukua cheti changu, nikavuka kwa Haboba. Hiyo ndiyo akili niliyotumia, na mimi ndiye niliyesoma. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifunga, akakiweka ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, akaniapia kwamba sanduku lile halizikwi. Ni la juu ya ardhi.

Jumamosi moja mchana nilikuwa kwenye chai yangu Hai Cinema. Zikasikika risasi kutoka upande wa Malakia. Nyingi. Wateja waliinuka na glasi mkononi, wengine wakakimbia nazo. Nikamfunga Deng mgongoni nikakimbia nyumbani, na njiani watu wakaanza kucheka wakirudi: ilikuwa arusi. Afisa fulani alikuwa anaoza binti yake na marafiki walikuwa wanafurahi kwa bunduki.

Nilifika kwa Haboba nikihema. Alikuwa ananawa mikono. Chini ya kitanda hakukuwa na sanduku.

"Kalas," akasema, yaani imekwisha. "Kitu yote iko salama."

"Haboba, ilikuwa arusi."

"Arusi nzuri. Watu wanaolewa."

"Sanduku liko wapi?"

"Hapo," akasema, na mkono wake ukazunguka. Ulizunguka uwanja wake wote, ukapita juu ya bati, ukachukua uwanja wangu, ukagusa na kona ya kanisa.

Nikasema moyoni, sawa, tutafukua polepole, hakuna haraka. Wiki mbili baadaye chuo cha uuguzi kikabandika tangazo. Nilijaza fomu, nikafanya mtihani, nikapita, jina langu likatoka la nne. Lete cheti halisi kabla ya Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu.

Tulichimba siku nne. Sikufungua chai. Wanawake wa maombi walikuja na majembe, mchungaji alikuja na gambuti. Tulipata cherehani isiyo na mguu. Tulipata sahani ishirini na nne za kaure, zote nzima. Tulipata gauni la arusi la mtu ambaye Haboba hamkumbuki, magurudumu mawili ya baiskeli, mfuko wa chumvi mgumu kama jiwe, redio iliyolia tulipoipangusa, na viatu vya ngozi. Kila kitu kilipotoka Haboba alipiga vigelegele, na mimi kila aliposhangilia nilikaribia kumpiga. Alhamisi jioni mkono wangu ulikuwa umetoka malengelenge na uwanja ulikuwa kama umelimwa na tembo. Sanduku hakuna.

Ijumaa nikaenda chuoni bila kitu. Yule wa dirishani hakuinua hata kichwa. Hakuna cheti, hakuna nafasi. Nikamweleza. Akasema wengine wanasingizia vita, mimi nasingizia bibi. Cheti kingine hutolewa Nairobi, ukienda mwenyewe, na barua, na pasipoti. Pasipoti sina, na ningemwacha Deng kwa nani?

Nilirudi nikasimama kwenye bati nikamwita. Akatoka akikohoa, udongo mpaka kwenye nyusi. Alikuwa bado anachimba.

Niliyomwambia siku ile sitayaandika yote. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia huyo Mungu wake mchoyo amenizika mimi pia hai, na akae naye huko. Nilimwambia nisisikie sauti yake tena maisha yangu yote, na mtoto wangu asimguse.

Alishika ukingo wa bati kwa vidole vyote kumi. "Malesh," akasema. Ni pole, ni samahani, vyote kwa pamoja. Kisha hakusema kitu, kwa sababu nilikuwa nimemkataza.

Alilishika hilo kama anavyoshika mambo yote, kwa ukamilifu wa kichaa. Mwaka mzima hakuniongelesha. Nikipita alifunga mdomo kwa mkono. Kikohozi kikimjia nikiwa karibu alikimbilia chooni akakohoe huko, nisisikie. Deng alimwita juu ya bati, "Haboba! Haboba!" na alimjibu kwa ishara, kama bubu. Jumatano sikwenda tena. Nikasikia kwamba hata Jumatatu haonekani nyumbani, anaondoka asubuhi akikaa upande kwenye bodaboda. Sikuuliza. Nilidhani ana kliniki.

Halafu mwaka huu, Jumatatu, saa tatu asubuhi, nikiwa naosha glasi, simu ikalia. Namba ngeni, sauti ya mwanamume.

"Wewe ndiye mwenye huyu mama?"

"Mama gani?"

"Anayekohoa. Njoo umchukue. Mimi ni mlinzi hapa chuo cha uuguzi. Namba yako ametupa yeye."

Nilienda na Deng na hasira yangu yote. Getini mlinzi alianza kunishtakia kabla sijashuka kwenye bodaboda. "Kila Jumatatu, dada! Tangu mwaka jana! Nilimfukuza ofisini, akakaa getini. Nikamfukuza getini, akaniuliza kama barabara ni ya baba yangu. Mvua ilinyesha, akakaa. Sasa mimi ndiye namwekea kiti."

"Anataka nini?"

"Anasema yeye ni cheti."

Nilimkuta ndani kabisa, kwenye ofisi ya msajili, kwenye kiti cha wageni, miguu haifiki chini. Aliziba mdomo kwa mkono aliponiona. Msajili, mwanamume mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala, alikuwa amekunja mikono.

"Wewe ndiye wa Kitale?"

"Ndimi."

"Jina lako lilikuwa la nne. Kwa nini hukurudi?"

"Mliniambia hakuna cheti, hakuna nafasi."

"Nani alikuambia?"

"Wa dirishani."

"Dirisha halisajili watu," akasema. Akavuta droo. "Kuna fomu ya waliopoteza vyeti vitani. Inataka mwombaji awepo mwenyewe, na mtu mmoja aliyekiona cheti kwa macho yake. Huyu mama nimemweleza nusu mwaka kwamba bila wewe siwezi. Anasema hawezi kukuambia kwa sababu umemkataza kuongea. Leo ameingia akasema hatoki mpaka tukupigie sisi." Akanitazama. "Kilipotea kwenye vita gani?"

"Kwenye arusi," nikasema.

"Risasi ni risasi," Haboba akasema, kisha akaziba mdomo tena.

"Ongea tu," nikamwambia.

Ni neno la kwanza nililompa kwa mwaka mzima. Alishusha mkono. Akakohoa kwanza kikohozi kirefu, kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo wa maji toka mtoni. Msajili akafungua faili langu, akaikinga fomu yangu ya zamani kwa mkono nisiione, akamwambia aseme alichokiona.

Haboba hajui kusoma; herufi kwake ni picha. Siku nilipompa cheti aliniuliza mstari baada ya mstari, hii nini, na hii nini, nami nikamjibu nikiwa na haraka, nikidhani ananipotezea wakati. Sasa alifumba macho.

"Ya kwanza Kiingereza. Matumbo mbili. Ya pili Kiswahili, ile nyumba mwenye paa, na fimbo imelala kando. Ya tatu hesabu." Akasita, akafumbua jicho moja kunitazama. "Tumbo moja."

Ile D ya hesabu nilikuwa sijamwambia mtu yeyote Juba. Msajili akakohoa kidogo. Haboba akaendelea mpaka mwisho, masomo yote manane, matumbo na paa na miezi mikonde, bila kukosea hata moja. Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni na mdomo wazi. Nilijua ya kwamba cheti changu kimeoza mahali udongoni, au kimeliwa, na nilijua pia kwamba kiko kizima pale kwenye kiti cha wageni.

Msajili alichukua kalamu. Jina la mwombaji, akaandika. Jina la shahidi, akaandika. Akafika kwenye uhusiano.

"Mama mzazi?"

"Hapana," Haboba akasema.

"Shangazi? Bibi?"

"Hapana."

"Mmekaa jirani, si ndiyo? Niandike jirani."

"Jirani iko mtu ya kuomba moto. Hapana."

"Basi ni wa ukoo wenu?"

"Hata kabila hapana."

Msajili akaweka kalamu chini. "Sasa mama, huyu ni nani?"

"Wangu."

"Wako nani?"

"Wangu. Andika hiyo."

"Mama, fomu ina visanduku vitano. Mzazi, mlezi, ndugu, jirani, mwalimu. Hakuna cha 'wangu'."

"Ongeza."

"Imeshachapishwa."

"Kalamu si iko?"

Msajili aliitazama kalamu. Alimtazama mlinzi, mlinzi akatazama dari. Akachukua rula, akachora kisanduku cha sita chini ya vile vitano, polepole, pembe zote nne, akaandika mbele yake neno hilo moja, akaweka alama. Kisha akaigeuza karatasi, akanisogezea.

"Nafasi ya mwaka jana imekwenda; mtihani wa kuingilia wa mwaka huu ni leo saa tano, darasa la pili. Kwanza soma hapa. Kama yaliyoandikwa ni kweli, tia sahihi."

Deng alikuwa tayari ameniponyoka, amepanda mapajani kwa Haboba. Nikasoma mpaka kwenye kisanduku cha sita. Nikatia sahihi. Niliikandamiza kalamu mpaka ikatoboa karatasi, na msajili akasema haidhuru, inasomeka.